Albamu Iliyoitwa Fungate

Makorora, Tanga
Alhamisi, 2 Mei 2024

Mume wangu Wilfred,

Neno "mume" nimeliandika polepole ili nilifaidi, kisha nikalitazama mpaka chai ikapoa. Leo ni siku ya kumi na tatu tangu padri atufungishe ndoa, na bado mtu akiniita "mke wa Wilfred" nageuka nyuma kuona anayeitwa ni nani.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Asubuhi ile ulipoondoka nilikupungia mkono nikitabasamu, nikarudi ndani nikafagia huku naimba. Majirani wanacheka. Wanauliza ni bwana harusi gani huyu anayemaliza siku saba za fungate, na siku ya nane anakwenda kujifungia kwenye godauni la machungwa huko Maramba na wanaume wawili. Nawajibu kwamba bendi ya Katani inarekodi albamu ya pili. Wasioijua Katani nawawekea ile ya kwanza, Vumbi la Katani, na hawafiki wimbo wa tatu kabla hawajauliza, "Hili gita la kukwaruza hivi ni la mumeo?" Nasema ndiyo, ni la mume wangu. Napenda sana kusema ndiyo.

Sheria ya simu naielewa. Tangu simu ya Asheri ilipolia katikati ya wimbo wakati wa albamu ya kwanza, mmeapa kwamba mkirekodi simu zote zinafungiwa kwenye debe mpaka kazi iishe. Mimi nimefurahi. Ujumbe wa simu hauwekwi chini ya mto. Hatibu wa maziwa amekubali kutubebea barua, maana kila Jumatatu na Alhamisi analeta maziwa mjini kutoka huko na anapita mlangoni kwetu.

Najua pia mlivyokubaliana ninyi watatu. Albamu hii isiposimama sawa na ya kwanza, Jaku anaweka chini fimbo zake za ngoma anarudi Wete kwenye mikarafuu ya baba yake, Asheri anahamia Dar es Salaam kurekodi nyimbo za watu wengine, na wewe unapanda Lushoto kulima kabichi na kaka yako. Katani inakwisha. Lakini haitakwisha, mpenzi. Mtu aliyeweza kuandika zile nyimbo akiwa mpweke kwenye chumba cha Ngamiani, ataandika nini akiwa na furaha?

Mkeo (tazama nilivyoandika),
Bibiana


Maramba
Jumapili, 5 Mei

Mke wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya kreti la machungwa, na Jaku ananichungulia begani anauliza kama umemsalimu. Nimesema umemsalimu. Mwandikie siku moja nisionekane mwongo.

Godauni ni zuri, sauti inazunguka vizuri, tatizo ni bati. Mvua ikianza tunaweka magita chini na kukaa, kwa sababu maikrofoni haisikii kitu kingine. Jana tumekaa hivyo saa tano nzima. Mwenye godauni anataka tumwachie ifikapo Jumamosi ya tarehe 15 Juni, machungwa yaingie. Asheri anatuambia hilo kila asubuhi kabla hatujapiga mswaki.

Hata hivyo, nyimbo tano ziko tayari kati ya nane. Nimeiita albamu hii Fungate. Kila wimbo ni wewe. Hatibu anakuletea flashi. Chomeka kwenye redio usikilize. Halafu niambie.

Wewe ndiye msikilizaji wangu. Sijasahau ulivyonifuata baada ya onyesho letu la Ngamiani, hata jina lako hujanitajia, ukaniambia, "Kaka, wimbo wako wa nne una ubeti mmoja wa bure." Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaukata ule ubeti, na huo ndio wimbo ambao watu wanatuomba kila tunapopanda jukwaani. Jaku na Asheri mpaka leo wanasema "masikio ya shemeji" kama watu wanaotaja mashine ya kupimia.

Pima, basi.

Wilfred


Makorora
Alhamisi, 9 Mei

Mpenzi wangu, roho yangu,

Nzuri. Nzuri mno. Nimetafuta neno lingine nikalikosa.

Nimependa unavyovuta pumzi kabla ya kuanza kuimba "Pete", nimejua ni pumzi yako hata kabla ya sauti. Nimependa kikohozi cha Jaku mwishoni mwa "Nyumba Ina Taa". Nimependa kipande cha khanga ulichofungia flashi, nimekifua na kukihifadhi. Na "Bibi wa Makorora", mpenzi, umenitaja jina mara thelathini na moja. Nimehesabu. Ni mwanamke gani mwingine hapa Tanga aliyetajwa mara thelathini na moja kwenye wimbo mmoja?

Unauliza ni upi mzuri zaidi. Zote ni nzuri. Kazi ya mikono yako yote ni nzuri.

Mvua huku haikatiki. Nimehamisha kitanda kidogo kwa sababu bati letu nalo linavuja upande wako. Upande wangu ni mkavu.

Nisalimie shemeji Jaku (safari hii kweli) na shemeji Asheri.

Anayekupenda bila kipimo,
Bibiana


Maramba
Jumapili, 12 Mei

Mke wangu,

Barua yako imeniokoa. Sikukuambia, lakini wiki nzima humu ndani hatukuwa tukielewana. Jaku alisema nyimbo zangu mpya ni uji usiotiwa chumvi. Asheri, unamjua, hasemi. Anachezea vitufe vyake tu na kuguna. Nikawaambia, "Tumngoje Bibiana." Hatibu alipofika niliwasomea barua yako kwa sauti, neno kwa neno, hata ile ya kikohozi. Asheri akasema, "Basi, kama shemeji kasema." Jaku akatoka nje. Mjadala umekwisha.

Nyimbo tatu zilizobaki tunazirekodi kwa njia ileile, tamu hivyohivyo. Nimewaambia sibadilishi hata nukta. Nina barua yako mfukoni.

Wilfred


Maramba
Jumapili, 12 Mei

Assalaam alaykum shemeji Bibiana,

Ni mimi Jaku. Mimi si mtu wa barua, nilipokuwa shule ya msingi Wete mwalimu alisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, kwa hiyo vumilia. Hatibu nimemwomba akupe hii mkononi. Mumeo hajui.

Nina swali moja. Ulizisikiliza nyimbo hizi kwa yale masikio yetu tunayoyajua, au ulivaa mengine ya harusi?

Mimi nampenda Wilfred kuliko ndugu zangu wawili kati ya wanne. Lakini nikipiga ngoma kwenye "Pete" nasinzia. Mpiga ngoma akisinzia, shemeji, wasikilizaji wamekwisha lala zamani. Nikimwambia, ananionyesha barua yako. Nikimwambia tena, ananisomea. Sasa naijua kwa moyo mpaka kile kipande cha khanga.

Inawezekana nimekosea mimi. Kama kweli umezipenda, niandikie neno moja tu, "kweli", nami nitapiga mpaka mwisho na mdomo sifungui. Lakini baada ya hapo naondoka kwa heri, maana nitajua muziki wetu umehama mimi nikabaki. Begi langu nimeshalifunga nusu.

Shemejio,
Jaku


Makorora
Alhamisi, 16 Mei

Wilfred,

Kaa chini. Imalize hii mwenyewe kwanza kabla hujawasomea wenzako.

Nilikudanganya. Nyimbo tano ulizoniletea si nzuri.

Nimeandika mstari huo nikatembea chumba kizima, nimerudi na bado ni kweli. Nilijua tangu mara ya kwanza, kabla "Pete" haijafika katikati. Na nilikudanganya kwa sababu nilifundishwa. Unakumbuka siku tatu nilizofungiwa ndani kabla ya harusi, nikifundwa na somo yangu Bi Tabia? Hukuruhusiwa kujua nilichofundishwa, leo nakwambia kimoja. Alisema kitu alicholeta mume kwa mikono yake hakitiwi kasoro. Akileta samaki aliyechina, unasema "ahsante bwana", unamtupa akishatoka. Nikaziweka nyimbo zako kwenye fungu la samaki.

Jana nimekwenda kwake. Nimemkuta anachambua mchele. "Shikamoo somo," nikasema, nikamweleza yote.

"Marahaba. Sasa tatizo liko wapi?" akauliza. "Umemsifu, amefurahi."

"Bendi itakufa, somo."

"Ife. Mwanamume akiaibishwa na watu wa nje, anarudi ndani kubembelezwa. Wewe kaa tayari na maji ya kuoga."

"Na marehemu mumeo ulimsifu hivyohivyo?"

"Miaka kumi na minane. Alikuwa fundi cherehani, mikono ya kanzu zake hailingani. Kila kanzu nikamwambia, bwana, umeipatia."

"Na wateja?"

"Wateja walikwenda kwa fundi mwingine," akasema, bado anachambua mchele. "Lakini hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja, Mungu amrehemu."

Nimerudi nyumbani nikimfikiria yule mzee, na kanzu zake zimetundikwa dukani, anangoja watu, na mtu pekee anayejua kwa nini hawaji analala naye kitanda kimoja. Mimi siwezi, Wilfred. Hata unipandishie sauti.

Kwa hiyo haya hapa, kwa yale masikio ya zamani.

"Pete" haina kitu ndani isipokuwa pete. "Nyumba Ina Taa" ni tangazo la duka la samani. Kwenye "Bibi wa Makorora" nilipofika mara ya kumi na tano kusikia jina langu niliona aibu, kama keki iliyowekwa mezani watu waipige picha. Huyo mwanamke hanuni, hachoki, hana hata jino bovu. Mimi nakoroma, ulisema mwenyewe siku ya tatu. Usinitaje jina, taja ninayoyafanya. Gita nalo mmelisafisha mno. Kwenye Vumbi lilikwaruza kama ile mashine ya mkonge aliyoifanyia kazi baba yangu, mtu anasikia na kushika mkono wake kuona kama umekatwa. "Chai ya Maziwa" ina mdundo wa kupona, mkiupiga polepole.

Jaku ana haki. Unisamehe kwamba ilibidi aniulize.

Jambo kubwa ni hili. Nyimbo zako zinafurahi kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna furaha ya namna hiyo. Mimi ninayo furaha, naamka nayo na kulala nayo, naijua sura yake. Furaha yangu ina hasira ndani. Siku ile ulipoondoka sikufagia wala sikuimba. Nilitabasamu mpaka ukapinda kona, nikaingia ndani, nikachukua viatu vyako vya harusi nikavirusha uani kwenye mvua. Nimeviokota kesho yake, soli ya kushoto imebanduka. Nililionea godauni wivu kama mtu anavyomwonea wivu mwanamke. Na katikati ya hasira hiyo nilikuwa na furaha ya kuwa mkeo kuliko wakati wowote, nimesimama na kiatu kimoja mkononi. Hakuna wimbo wa hilo. Siku saba za fungate umeziimba zote. Siku ya nane hukuigusa.

Nakupenda. Hapo sikudanganya. Lakini usilichukue hilo kuwa jibu la swali lako kuhusu albamu.

Bibiana

(Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo ya Jaku, mpe: "Shemeji, neno uliloomba siwezi kuliandika. Fungua begi.")


Maramba
Jumapili, 19 Mei

Bibiana,

Nimeisoma. Wenzangu nimewasomea.

Viatu vile vilikuwa vya Asheri, aliniazima.

Usimpe Hatibu kitu Alhamisi.

Wilfred


Makorora
Alhamisi, 23 Mei

Wilfred,

Umesema nisimpe Hatibu kitu. Hii ni mistari michache tu, ichukulie si kitu.

Sirudishi neno hata moja. Bi Tabia amesikia nilichofanya, kanipita sokoni bila salamu, na mama ananiambia niandike barua ya kukuomba radhi kabla mambo hayajaharibika. Radhi ya kukudanganya nilishaiomba. Ya kukwambia kweli siiombi.

Sitaandika tena mpaka uandike wewe. Kila Jumatatu na Alhamisi nitanunua maziwa nusu lita kwa Hatibu, na sitamuuliza chochote.

Kiatu cha Asheri nimekipeleka kwa fundi.

Mkeo,
Bibiana


Maramba
Jumapili, 9 Juni

Mke wangu,

Hatibu anasema hukumuuliza kitu, kweli, ila ulikuwa unamtazama mpaka anamwaga maziwa.

Ile mara ya kwanza hasira yangu ilichukua siku mbili. Safari hii zimekwenda sita. Jaku akipika, nakula nikitazama ukuta. Siku ya saba nilichukua lile gita la zamani lenye ufa, nikapiga kitu kibaya, kisicho na maneno, na Jaku bila kuulizwa akaanza kupiga kreti la machungwa kwa viganja, kwa sababu ngoma zake alikuwa amezifungasha. Asheri akabonyeza kitufe cha kurekodi. Hakuna aliyesema "tuanze". Tulipomaliza, Asheri akaongea kwa mara ya kwanza tangu barua yako ifike: "Hiyo sasa inauma."

Nyimbo nne kati ya zile tano tumezitupa, na zile tatu nilizojidai kuzikamilisha nazo tumezitupa. "Chai ya Maziwa" imebaki, polepole kama ulivyosema. Sita ni mpya. Mvua tumeacha kuingoja. Ikinyesha tunapiga kwa nguvu kuizidi. Albamu haiitwi tena Fungate. Inaitwa Siku ya Nane, na wimbo wa mwisho una jina hilo.

Kabla hujausikia huo wimbo, lazima nikuandikie kilichomo, kwa sababu nimekiimba na hukukijua. Asubuhi ile niligeuka kwenye pikipiki nikakuona unatabasamu, na nilijua lile tabasamu ni la kazi. Nilijua, na nikaenda. Bibiana, nilifurahi kuondoka. Wiki ile ilikuwa tamu hadi nikaogopa, nikajiambia kwamba mtu mwenye furaha hana la kuimba, na kadiri pikipiki ilivyokwenda ndivyo nilivyopumua. Halafu nikaona haya, ndipo nikaandika nyimbo zile zote za sukari, kama mume anayerudi nyumbani na zawadi kwa sababu ya alikotoka. Ulizisikia ni tupu kwa sababu zilikuwa pazia.

Flashi iko na Hatibu. Nyimbo saba. Jumamosi machungwa yanaingia, hatuna siku ya kurudia. Tumekubaliana watatu, neno la mwisho liwe lako. Ukisema haisimami, hatuitoi, tunaagana kwa amani, na mimi nakwenda Lushoto. Jaku anasema usituonee huruma. Mimi nasema hivyohivyo, na naogopa.

Wilfred


Makorora
Alhamisi, 13 Juni

Wilfred,

Nimesikiliza siku tatu. Kwanza peke yangu mlango umefungwa. Kisha nikafanya kama wanavyofanya wauza vitambaa, nikaweka Vumbi na Siku ya Nane kandokando: wimbo wa kwanza wa ile, wa kwanza wa hii, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Vumbi inashinda mwanzoni. Wimbo wenu wa kwanza safari hii unazunguka sana kabla ya kuingia ndani, ungeingia mapema. Za pili zinalingana. "Chai ya Maziwa" sasa ina uzito, hapo hii inashinda, na Jaku mwambie kile anachokifanya katikati, anaponyamaza halafu anarudi kwa kreti peke yake, nilirudisha nyuma mara nne. Wa nne na wa tano ni wa watu wazima. Kwenye Vumbi mlikuwa vijana wanaopiga kelele mlango ufunguliwe, hapa mmeshaingia na hamjui mkae wapi. Nimependa hivyo. Wa sita ni mbovu. Uondoeni, nyimbo zibaki sita.

Sasa wa mwisho. Nilisoma barua yako nikadhani nimejiandaa. Lakini ulipofika pale unapoimba kwamba ulifurahi kuondoka, kwa sauti ile, bila kuomba radhi, nilizima redio. Nilikwenda uani nikafua shuka ambalo si chafu. Nililikamua mpaka mikono ikauma. Niliongea na wewe peke yangu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na jirani alichungulia akajifanya anatafuta kuku. Kisha nikarudi ndani, nikawasha, nikausikia mpaka mwisho, pale unaposema uligeuza shingo na hukugeuza pikipiki. Nikauanza tena. Mara tisa kwa jumla.

Ni wimbo bora kuliko wowote mliowahi kufanya. Kwenye Vumbi hakuna wa kuugusa. Nimekukasirikia tangu Jumatatu na hata sasa nimekukasirikia, kwa hiyo ukinisikia nikisema hivyo, amini.

Inasimama, Wilfred. Itoeni. Waambie wenzako.

Utataka kujua kama nitakusamehe. Hilo sijalipima bado. Jumamosi mnafukuzwa na machungwa, njoo uniulize.

Bibiana